Cheti cha nyonga kinasema nini, na kinanyamaza wapi

Dume wa mbwa ana cheti cha nyonga safi. Jike naye anacho. Wanapandishwa, watoto wanazaliwa wazima, na kabla ya kutimiza mwaka wawili kati yao wameanza kuinuka kwa tabu, wanasita kupanda ngazi, na wakikimbia miguu yote miwili ya nyuma inaruka kwa pamoja badala ya kupishana. Mnunuzi anamshukia mzalishaji, mzalishaji anaweka vyeti viwili mezani, na kila mmoja anaondoka akiamini kuwa mwenzake ni mwongo. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Vyeti ni vya kweli, ila vimetakiwa viseme jambo ambalo peke yake haviwezi kulisema.

Cheti kinaeleza viungo vya mbwa mmoja, siku alipopigwa picha ya eksirei. Mzalishaji anataka kujua mbwa huyo atawarithisha nini watoto wake. Hayo ni maswali mawili tofauti, na karibu ugomvi wote unaozuka kuhusu vipimo vya viungo unatoka kwenye pengo lililo kati yao.

Ulegevu hutangulia, uharibifu hufuata

Nyonga ni kichwa cha mviringo kilicho juu ya mfupa wa paja, kikiwa kimetulia ndani ya kikombe kilicho kwenye fupanyonga. Mtoto wa mbwa ambaye baadaye atakuwa na nyonga mbovu kwa kawaida huzaliwa nazo zikiwa hazina kasoro. Kinachokuja kwanza ni ulegevu. Kano na mfuko unaozunguka kiungo havikazi vya kutosha, kichwa kinachezacheza ndani ya kikombe kila mtoto anapopiga hatua, na kwa kuwa mifupa ya umri huo bado ni laini, sehemu yake kubwa ikiwa gegedu, viwili hivyo vinaharibiana umbo. Ukingo wa kikombe unalika na kuwa butu. Kikombe kinakosa kina. Kichwa kinabonyea. Mwili nao unajitetea kwa kuotesha mfupa mpya pembezoni mwa kiungo, na hapo baridi yabisi imeshaingia.

Daktari wa mifugo wa Marekani, Gerry Schnelle, aliueleza ugonjwa huu kwa mbwa mwaka 1935, na tangu hapo wanaotajwa zaidi ni mbwa wakubwa: German Shepherd, Labrador, Golden Retriever, Rottweiler, Saint Bernard. Lakini ukubwa si sharti. Bulldog na Pug wamo miongoni mwa aina zenye nyonga mbaya kabisa kwenye kumbukumbu za Marekani, zaidi ya nusu ya waliopimwa wakiwa na kasoro, ilhali Greyhound, mbwa mrefu na mzito kuliko Pug mara kadhaa, hupatwa kwa nadra sana.

Kinachowapoteza watu wengi hapa ni maumivu, kwa sababu picha na maumivu haviendi sambamba. "Mbwa wangu anaruka ukuta, nyonga zake hazina shida" ni kauli inayosikika sana, na kama ushahidi haina uzito wowote. Mbwa kijana mwenye mapaja yaliyojaa misuli hukishikilia kiungo kilegevu kwa nguvu za misuli hiyo, na mwenye mbwa asione lolote mpaka mnyama azeeke au anenepe. Kwa upande mwingine, mbwa mwenye picha mbaya ya nyonga akianza ghafla kuchechemea mguu mmoja wa nyuma, la kuchunguzwa mapema ni goti, maana kano ya ndani ya goti ikikatika hutoa dalili hizo hizo na lawama ikabebeshwa nyonga. Kwa hiyo jicho, hata la mtu aliyefuga maisha yake yote, haliwezi kuchukua nafasi ya picha. Anayekuuzia mtoto wa mbwa na kukuambia kuwa wazazi "hawajawahi kuchechemea" hajakuambia kitu.

Picha na wanaoisoma

Picha ya eksirei inayotumiwa na mashirika mengi hupigwa mbwa akiwa amelala chali, miguu ya nyuma imevutwa mpaka ikanyooka, mapaja yakiwa sambamba, na magoti yamegeuzwa kwa ndani mpaka pia ya goti ionekane katikati ya mfupa wa paja. Mtazame daktari makini akiipanga. Anatumia muda mrefu kunyoosha mgongo na kusawazisha fupanyonga kuliko kupiga picha yenyewe, na picha ikitoka, jambo la kwanza analoangalia si nyonga bali matundu mawili makubwa yaliyo chini ya fupanyonga. Yasipolingana ukubwa, mbwa alikuwa ameinamia upande mmoja. Nyonga moja itaonekana nzuri kuliko ilivyo na nyingine mbaya kuliko ilivyo. Picha hiyo hurudiwa. Ndiyo sababu mbwa hupewa dawa ya kumtuliza au nusukaputi: akiwa macho hujikaza, hugeuka, na misuli iliyokaza huficha ulegevu.

Marekani picha hizo hupelekwa zaidi kwa Orthopedic Foundation for Animals, maarufu kama OFA, shirika lililoanzishwa mwaka 1966 kwa msukumo wa John M. Olin, tajiri aliyependa mbwa wa kuwinda. Wataalamu watatu wa eksirei huisoma kila mmoja kivyake, kisha mbwa anapewa daraja moja kati ya saba: tatu za juu ni za nyonga za kawaida, moja ni ya mpakani, na tatu za chini ni za ugonjwa, kuanzia hafifu hadi mbaya sana. Daraja la kudumu halitolewi kabla ya miezi 24. Picha ya mapema inapokelewa, lakini kama taarifa ya awali tu.

Nchi zinazofuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutumia herufi, A iliyo bora hadi E iliyo mbaya kabisa, na mbwa hupimwa akishatimiza mwaka mmoja, au zaidi kidogo kwa aina kubwa mno. Hapo kipimo kimojawapo ni pembe ya Norberg, inayoonyesha jinsi ukingo wa kikombe unavyokifunika kichwa cha paja. Nyuzi 105 au zaidi ndizo zinazotarajiwa kwenye A. Uingereza ina njia ya tatu. Chama cha madaktari wa mifugo, BVA, pamoja na Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, huchambua sehemu tisa za kila nyonga na kuzipa alama za kasoro, hivyo nyonga moja inaweza kupata 0 hadi 53 na mbwa mzima 0 hadi 106. Kadiri alama zinavyokuwa chache ndivyo nyonga zinavyokuwa bora, na mwenye kupandisha hushauriwa achague mbwa aliye chini ya alama ya katikati ya aina yake.

Ukisoma cheti cha Uingereza usiishie kwenye jumla. Mbwa mwenye 12 anaweza kuwa na 6 kila upande, au 2 upande mmoja na 10 upande wa pili. Hao si mbwa sawa. Nyonga ya 10 imeshaanza kuonyesha jambo ambalo jumla imelifunika, na jeni haziulizi ni upande gani.

Udhaifu mkubwa wa picha ya miguu iliyonyooshwa ni kwamba mkao wenyewe unausokota mfuko wa kiungo na kukisukuma kichwa ndani ya kikombe. Ulegevu, ambao ndio mzizi wa ugonjwa, unafichwa na namna ya kuutafuta. Gail Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilishughulikia tatizo hilo kuanzia miaka ya 1980, na matokeo yake ni mbinu ya PennHIP. Mbwa hulazwa kwa dawa nzito, kifaa maalumu kinawekwa katikati ya mapaja, na vichwa vinasukumwa nje taratibu ili ionekane vinatoka kwa kiasi gani. Kipimo kinakuwa namba kati ya 0 na 1. Mbwa mwenye 0.30 au chini yake hupata baridi yabisi ya nyonga kwa nadra. Juu ya hapo hatari inaongezeka, ingawa kwa kasi tofauti kutoka aina moja hadi nyingine. Kinaweza kufanywa mtoto akiwa na wiki 16, na hilo peke yake ni faida kubwa kwa mtu anayetaka kuamua abaki na mtoto yupi kabla hajamlea miaka miwili.

Lakini kwangu ubora wa PennHIP upo zaidi kwenye sharti lake moja: daktari akishapiga picha, lazima aitume, iwe nzuri au mbaya. Kwenye mifumo ya hiari mambo huenda vingine. Picha inatokea kwenye kioo, nyonga ziko wazi kuwa mbovu, mwenye mbwa anauliza kama kuna haja ya kulipia usomaji, na picha inabaki kwenye faili la kliniki. Zidisha hilo mara maelfu na utapata takwimu za aina nzima ya mbwa zinazopendeza kuliko hali halisi. Mtu akikuonyesha asilimia ndogo ya ugonjwa kwenye aina anayoipenda, mwulize kwanza picha zilizofika ni za nani.

Neno la haraka kuhusu majike: homoni za wakati wa joto zinaweza kuongeza ulegevu wa viungo kwa muda. OFA hushauri kusubiri angalau mwezi mmoja baada ya joto kuisha. Si kisingizio cha kila picha mbaya, ila ni sababu halali ya kupanga tarehe vizuri.

Viwiko, na magoti kidogo

Watu wakisema "viungo" huwaza nyonga, na mbwa wengi wamepandishwa wakiwa na cheti kizuri cha nyuma na viwiko ambavyo hakuna aliyewahi kuvitazama. Ni kosa la ajabu ukifikiri kwamba miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa.

Ugonjwa wa kiwiko si mmoja. Ni kundi: kipande kidogo cha mfupa wa ndani ya kiwiko kuvunjika, kichomozo cha nyuma kushindwa kuungana na mfupa wake (kwa German Shepherd kinapaswa kuwa kimeungana ifikapo wiki ya 20 hivi), gegedu kubanduka kwenye mfupa wa juu, na mifupa mitatu inayokutana hapo kukua bila kulingana. Mbwa mmoja anaweza kuwa na moja au kadhaa. Kwa kuwa mara nyingi hushika pande zote mbili, mbwa hachechemei waziwazi. Anatembea hatua fupi, viwiko vikiwa vimebana au vimetanuka, na watu wanasema ndivyo alivyo.

Daraja za kimataifa za kiwiko, 0 hadi 3, zimewekwa na International Elbow Working Group, kikundi kilichoundwa mwaka 1989. Zinategemea sana urefu wa mfupa mpya ulioota: chini ya milimita 2 ni daraja la 1, kati ya 2 na 5 ni la 2, zaidi ya 5 ni la 3, na kasoro kubwa za msingi zikionekana mbwa anaangukia daraja la 3, lililo baya kabisa, hata kama mfupa haujaota. Kwa maneno mengine, mara nyingi tunapima majivu ili kujua kama moto uliwaka. Kipande kidogo kilichovunjika kinaweza kisionekane kabisa kwenye eksirei, na hapo ndipo picha ya CT, ile ya kompyuta inayoonyesha kiungo tabaka kwa tabaka, inapoishinda. Hata hivyo eksirei ya kiwiko ni bora mara mia kuliko kutopiga, na inaweza kuchukuliwa mbwa akiwa chini ya dawa ile ile aliyopewa kwa ajili ya nyonga. Sioni sababu ya kumlaza mbwa mara mbili.

Kwa mbwa wadogo shaka huhamia kwenye pia ya goti inayoteleza kutoka kwenye mfereji wake. Hiyo haihitaji picha: daktari huishika kwa vidole, mbwa akiwa macho, na kutoa daraja la 0 hadi 4.

Mbwa mmoja ni ushahidi mdogo

Sasa turudi kwa wale wazazi wawili wenye vyeti safi.

Hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kukuambia kwa uhakika kwamba mbwa huyu anabeba nyonga mbovu, kama vile vilivyopo kwa baadhi ya magonjwa ya macho yanayotokana na jeni moja. Nyonga huamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na juu yake mazingira yanaongeza au kupunguza. Makadirio ya sehemu ya tofauti inayotokana na urithi hubadilika kulingana na aina na namna ya kupima, kuanzia kama moja ya tano hadi zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba mbwa wawili wenye daraja moja wanaweza kuwa wamelifikia kwa njia mbili tofauti: mmoja ana jeni nzuri, mwingine ana jeni za wastani na malezi mazuri. Picha haiwatofautishi. Watoto wao watawatofautisha, na wakati huo wameshauzwa.

Malezi yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kuna utafiti uliofuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, wakiwa wamegawanywa wawili wawili kutoka uzao mmoja. Mmoja alipewa asilimia 25 pungufu ya chakula alichokula mwenzake. Waliokula kidogo walikuwa na nyonga bora waziwazi wakiwa na miaka miwili, baridi yabisi iliwachelewa, na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Norway nako, uchunguzi wa aina nne za mbwa wakubwa ulionyesha kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa kwenye hatari zaidi, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini ya miinuko midogo walikuwa na nafuu. Kalisi ya ziada kwa mtoto wa mbwa mkubwa huvuruga ukuaji wa mifupa badala ya kuiimarisha.

Mzalishaji mjanja hulishika hilo na kusema, "Nyonga umeziharibu wewe kwa chakula." Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Unene hauwezi kumtengenezea ugonjwa mkubwa mbwa ambaye viungo vyake vimekaza. Unamfichua yule ambaye alikuwa nao. Na kinyume chake kinamhusu mzalishaji mwenyewe: mbwa aliyelelewa akiwa mwembamba na kupata daraja zuri bado anarithisha jeni zile zile ambazo malezi yalizifunika.

Njia ya kuzipata jeni zilizofichika ni kuwauliza ndugu. Tuchukue majike wawili. Wa kwanza ana daraja la juu kabisa, lakini ndugu zake wa tumbo moja waliopimwa ni sita na wanne kati yao wana nyonga mbovu. Wa pili ana daraja la tatu, lile la kawaida lisilosifiwa, na ndugu zake wote sita wako sawa, pamoja na watoto wa dada yake mkubwa. Soko litamkimbilia wa kwanza. Mimi ningempandisha wa pili bila kusita, maana yule wa kwanza anaelekea kuwa mwenye bahati kwenye familia isiyo nayo.

Hesabu hiyo hufanywa rasmi kwa kukadiria thamani ya mbwa katika uzalishaji kutokana na picha yake pamoja na za wazazi, ndugu na watoto wake wote waliopimwa. Kennel Club ya Uingereza ilianza kuitoa mwaka 2014 kwa baadhi ya aina. Ujerumani chama cha German Shepherd kilitangulia. Uzuri wake ni kwamba hata mbwa ambaye hajapigwa picha anapata makadirio kutoka kwa ukoo wake, na makadirio yanabadilika kila taarifa mpya inapoingia. Dume mwenye cheti kizuri anaweza kuporomoka watoto wake wakianza kupimwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwamba inawezekana, tunajua. The Seeing Eye, taasisi ya Marekani inayofundisha mbwa wa kuwaongoza wasioona, ilichagua wazazi kwa njia hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba kwa vizazi visivyofika vitano German Shepherd wenye nyonga mbovu walishuka kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador kutoka 30 hadi 10. Hawakuwa na mashine ya ajabu. Walikuwa na kitu ambacho wazalishaji binafsi hawana: mbwa wote ni wao, wote wanapigwa picha, watakaopandishwa na wasiopandishwa, na hakuna anayepata hasara kwa matokeo mabaya kuandikwa.

Je, mbwa wa mpakani aondolewe? Wapo wanaosema ndiyo, bila mjadala. Sikubaliani nao. Katika aina yenye mbwa wachache, au ile ambayo zaidi ya nusu wana kasoro, kuwabakiza walio bora kabisa tu kunapunguza utofauti wa damu mpaka magonjwa mengine ya kurithi yaanze kuchomoza, na dume mmoja mwenye nyonga za kusifiwa akitumiwa na kila mtu anasambaza kila kitu alichobeba. Jike mwenye daraja la mpakani, mwenye tabia nzuri, moyo mzima na ukoo imara, anaweza kupandishwa kwa dume ambaye yeye na familia yake wana viungo bora kuliko vyake, kisha watakaobakizwa wachaguliwe kwa ukali. Mwenye ugonjwa ulio dhahiri ni habari nyingine. Huyo apewe nafasi ya kuishi vizuri bila kuzaa.

Kwa vitendo, basi: picha ya awali kati ya miezi minne na sita humsaidia mzalishaji kujua aelekee wapi, na picha ya cheti hufuata mbwa akikomaa. Namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi isomwe kabla ya dawa na iandikwe ndani ya picha yenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni, maana bila hiyo picha inaweza kuwa ya mbwa yeyote. Mkataba wa kuuza watoto uwe na kipengele cha kuwapiga picha wakitimiza umri, hata waliohasiwa na wanaoishi kama mbwa wa nyumbani tu, na mzalishaji achangie gharama. Hao ndio wanaosema ukweli kuhusu wazazi wao.

Mnunuzi naye aombe namba ya usajili aitafute mwenyewe kwenye kumbukumbu za shirika husika, aulize kuhusu viwiko, kisha aulize kuhusu uzao uliopita. Mzalishaji akikuambia kwamba mtoto mmoja wa uzao ule alitoka na D, usiondoke bado. Mwulize safari iliyofuata alimpandisha yule mama kwa dume gani, na kwa nini.